Baba mkwe amerudi nyumbani baada ya kiharusi: mtunzaji aanzie wapi?

SWALI: Baba mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 67, alipata kiharusi mwezi uliopita akalazwa siku tisa hospitalini. Ameruhusiwa akiwa amepooza mkono na mguu wa kulia, na maneno anayoweza kutamka ni “ndiyo” na “hapana” tu, tena mara nyingine huyachanganya. Tunaishi Muheza. Mume wangu ni dereva wa malori na hukaa safarini wiki mbili au tatu, na mashemeji zangu wawili wako Tanga mjini, kwa hiyo mimi ndiye ninayemlisha, kumgeuza na kumsafisha, jambo ambalo sote wawili tunaliona haya. Wazee wanashauri apelekwe kwa mganga akachanjwe chale. Je, atatembea tena? Nifanye nini, na nisifanye nini? Ramadhani ikifika, anaweza kufunga? Nimechoka, na naona aibu kulisema hilo.

JIBU: Dada yangu, nianze na lile uliloliweka mwishoni, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Katika wodi aliyolazwa baba mkwe wako wauguzi walikuwa wakipokezana asubuhi, jioni na usiku, na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kushika zamu zote tatu kwa mwezi mzima. Wewe umekabidhiwa zamu zote hizo, pamoja na kazi zako za nyumbani ambazo hazikupungua hata moja. Uchovu unaouona si upungufu wa imani wala wa upendo. Tena una madhara kwa mgonjwa mwenyewe, kwani mtunzaji aliyechoka kupita kiasi husahau dozi, hulisha kwa haraka, na hunyanyua vibaya hadi akaumia mgongo, na baada ya hapo nyumba inakuwa na wagonjwa wawili. Kwa hiyo agizo langu la kwanza si la dawa: mume wako aitishe kikao cha familia kabla ya safari yake ijayo, na kikao hicho kisiishie kwenye pole na mchango wa mara moja, bali kiandike nani analala na mzee siku zipi, nani anampeleka kliniki, nani analipia dawa kila mwezi, na ni siku gani ya wiki ambayo wewe huna jukumu lolote. Mashemeji walioko Tanga mjini wanaweza kushika mwisho wa wiki kwa zamu. Kama kweli hawawezi kuja, basi wachangie ujira wa kijana wa kusaidia, na mchango huo uwe wa kila mwezi, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kila siku.

Kuhusu kumsafisha, haya mnayoiona ni ya haki, na sikubaliani na wataalamu wanaoipuuza kwa kusema kwamba ugonjwa hauna haya. Mzee anayeona amevuliwa stara mbele ya mkwewe anaweza kuanza kukataa kula na kunywa ili asiende haja, na hapo hufuata upungufu wa maji mwilini, kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kuoga na kubadilishwa nguo kuwe kazi ya wanawe, mjukuu wa kiume aliyekua, au kijana huyo mtakayemlipa. Siku ambayo hakuna mwanamume nyumbani, mfunike shuka au kikoi, mwandalie beseni na kitambaa chenye sabuni, mketishe akiegemea, kisha umwachie mkono wake wa kushoto ujisafishe sehemu za mbele huku wewe ukishughulikia mgongo, miguu na kichwa. Njia hii inalinda heshima ya wote wawili, na wakati huo huo ni mazoezi bora kuliko mengi yanayofanyiwa kitandani, kwa sababu mgonjwa analazimika kusawazisha kiwiliwili chake akiwa amekaa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye vituo vya lugha. Hiyo ndiyo sababu amepoteza vyote viwili kwa pamoja. Kabla ya jambo lingine, tafuta karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa na uulize imeandikwa kiharusi cha aina gani, yaani kile cha damu iliyoganda na kuziba mshipa, au kile cha mshipa uliopasuka na kuvuja damu ndani ya ubongo. Tofauti hii huonekana kwenye picha ya CT ya kichwa, na wala haiwezi kutambuliwa kwa kumtazama mgonjwa. Ni muhimu kwako kwa sababu aspirini, ambayo kwa kawaida hutolewa kila siku kwa aliyezibwa mshipa, inaweza kumdhuru aliyevuja damu. Kama karatasi haisemi, au kama picha haikupigwa, usimpe aspirini kwa ushauri wa jirani au wa muuza duka la dawa. Rudi kwa daktari umuulize waziwazi.

Dawa ya presha ni jambo lingine ambalo halina mjadala. Nchini Marekani, ambako takwimu zimekusanywa kwa miaka mingi, karibu robo ya viharusi vyote huwapata watu waliokwisha kupata kiharusi kabla, na kinga kubwa kuliko zote ni kushusha shinikizo la damu na kulidumisha chini. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2001, uliofuatilia watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kushusha presha walipata viharusi vipya kwa asilimia 28 pungufu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa wengi hulengwa kufika chini ya 130/80, ingawa daktari wake ndiye atakayeweka lengo linalomfaa yeye. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika kazi hii ni familia kuacha dawa kwa sababu kipimo kimesoma vizuri. Kipimo kimesoma vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi, na ikiachwa presha itapanda tena bila kuumwa popote. Mkiweza kuchangia mashine ya kupimia ya mkono, mpimeni akiwa ameketi na kupumzika kwa dakika tano, kwenye mkono wa kushoto usiopooza, na mwandike namba hizo daftarini ili daktari azione siku ya kliniki. Na akilalamika maumivu, msimpe diclofenac au ibuprofen bila kumuuliza daktari, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kupandisha presha na, zikichanganywa na aspirini, huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Vidonge vya kutuliza maumivu vya paracetamol ndivyo salama zaidi kwake.

Katika wiki hizi za mwanzo ninahofia koo lake kuliko mguu wake. Kiharusi hudhoofisha misuli ya kumeza, na chakula au maji yakipotea njia na kuingia kwenye mapafu huleta nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya kiharusi. Familia nyingi hushangaa kusikia kwamba maji na chai ni hatari kuliko uji. Vitu vyepesi huteremka kwa kasi kabla koo halijajiandaa kujifunga, ilhali kitu kizito kiasi hushuka polepole. Vilevile vyakula vyenye kitu kigumu ndani ya majimaji, kama vile wali uliojaa mchuzi mwepesi, humchanganya mtu ambaye koo lake ni dhaifu. Uji mzito uliochujwa usiwe na madonge, viazi au ndizi zilizopondwa, maharage yaliyosagwa, parachichi na mtindi ndivyo vyakula vya kuanzia. Mlishe akiwa ameketi wima kabisa, si akiwa amelala na mto mmoja kichwani, na kidevu chake kikiwa kimeinama kidogo. Tumia kijiko kidogo cha chai, weka chakula upande wa kushoto wa mdomo ambako anahisi vizuri zaidi, subiri uone koo limepanda na kushuka, kisha ndipo uongeze. Asilale mpaka nusu saa ipite. Ukisikia anakohoa wakati wa kula, sauti yake ikiwa kama ina maji ndani, au ukikuta chakula kimebaki shavuni, punguza kasi na umrudishe hospitalini akapimwe kumeza, kwani wengine huhitaji kulishwa kwa mpira kwa muda. Msafishe kinywa na meno asubuhi na usiku hata kama hakula chochote, maana bakteria wa kinywani ndio wanaoteremka na mate kwenda mapafuni. Kikohozi kisitumiwe kama kipimo pekee, kwa sababu wapo wanaopaliwa kimyakimya bila kukohoa hata kidogo. Homa isiyoeleweka na kupumua kwa haraka ni dalili ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ngozi nayo inahitaji saa ya ukutani. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kila mnapomgeuza mtazame kiunoni juu ya matako, kwenye visigino, nyonga na vifundo. Wekundu au weusi usioondoka baada ya kubanwa na kidole ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na kidonda hicho huchukua miezi kupona. Weka mto chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee, na shuka likae bila mikunjo. Usichue sehemu iliyokwisha kubadilika rangi.

Kuna jambo moja ningependa kila atakayeingia katika chumba hicho aambiwe mlangoni, nalo ni kwamba mkono uliopooza hauvutwi. Bega hushikiliwa na misuli zaidi ya mifupa, na misuli ikilegea, mkono unaoning’inia huteremka nusu nje ya kiungo chake. Mgeni akimsalimia mzee kwa kumvuta mkono wa kulia, au kijana akimnyanyua kwa kumshika kwapani, bega huumia, na maumivu hayo yanaweza kudumu kwa miezi na kumfanya akatae mazoezi yote. Anyanyuliwe kwa kushikwa kiunoni, kwa mshipi mpana au kanga iliyofungwa imara, huku yeye mwenyewe akisukuma kwa mguu na mkono wa kushoto. Akiwa ameketi, mkono wa kulia uwekwe juu ya mto au meza, vidole vikiwa vimenyooka. Wale wanaokuja na mafuta ya kuchua kwa nguvu waombwe kwa adabu wasiliguse bega hilo.

Umeuliza kama atatembea, na nitakujibu kwa kadiri inavyowezekana bila kumwona. Wengi wanaonusurika kiharusi hutembea tena, wengine kwa fimbo au kwa kushikwa, na mguu kwa kawaida hutangulia mkono. Dalili njema ni kuweza kukaa ukingoni mwa kitanda bila kushikiliwa kwa nusu dakika, na kuweza kusogeza mguu uliopooza hata kidogo. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha hupungua mwendo, lakini haikomi, na nimewaona watu wakipata uwezo mpya baada ya mwaka. Kinachoamsha ubongo ni kurudiarudia tendo halisi: kuinuka kutoka kwenye kiti na kukaa tena, kuhamia kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kusimama akiwa ameshika meza nzito, kushika kikombe. Kuinuka mara tano, apumzike, ainuke tena, na kurudia hivyo mara kadhaa kwa siku kuna faida kuliko saa nzima ya kunyooshwa viungo akiwa amelala. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe kwa vitendo jinsi ya kumwinua, nawe ufanye mbele yake mpaka aridhike. Ulizia kitengo hicho katika Hospitali Teule ya Muheza au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, Tanga mjini, na muulize pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu kama anaweza kuwatembelea.

Hapa ninalazimika kusema jambo ambalo watunzaji wengi hawaambiwi. Nchini India ulifanyika utafiti mkubwa katika hospitali 14, matokeo yake yakatolewa mwaka 2017, ambapo wagonjwa 1,250 waligawanywa katika makundi mawili: ndugu wa kundi moja walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, na kundi la pili likapata huduma ya kawaida tu. Baada ya miezi sita, idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi ilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mzee aachwe alale, kwa kuwa kulala tu huleta vidonda, kuganda kwa damu miguuni na kukakamaa kwa viungo. Maana yake ni kwamba ndugu wa mgonjwa hawezi kugeuzwa kuwa mtaalamu kwa mafunzo ya siku chache, na kwamba kiasi kikubwa cha kupona huamuliwa na ukubwa wa jeraha la ubongo. Mzee asipotembea, mtu yeyote asije akakwambia kwamba ni kwa sababu hukumfanyisha mazoezi ya kutosha.

Choo kitawapa shida mapema, hasa kama ni cha kuchuchumaa. Mafundi seremala wanaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa gharama ndogo, na wengi hukata tundu katika kiti imara cha plastiki na kuweka ndoo chini yake. Hakikisheni miguu ya kiti haitelezi, na mfungieni gogo au bomba la kushikilia ukutani upande wa kushoto, upande wenye nguvu. Mpelekeni chooni kwa saa maalumu, hasa baada ya kifungua kinywa, kabla hajalazimika kuomba kwa maneno ambayo hana. Ondoeni mikeka inayokunjamana kwenye njia yake na acheni taa usiku, kwani anguko moja na nyonga iliyovunjika hurudisha nyuma kila kilichopatikana.

Maneno yake ninataka uyaelewe vizuri. Aliyepoteza lugha hakupoteza akili. Anakujua, anajua nyumba ni ya nani, na anaweza kusikia watu wakimzungumzia kana kwamba hayupo, ingawa uelewa wa sentensi ndefu huweza kupungua. “Ndiyo” inayotoka akimaanisha “hapana” si ukaidi. Msiitegemee peke yake, bali mwombe aelekeze kidole, atikise kichwa, au achague kati ya vitu viwili unavyomwonyesha. Sema sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, televisheni ikiwa imezimwa, kisha usubiri bila kummalizia. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni mara nyingi hubaki hata pale ambapo jina la kikombe limepotea: kuhesabu, siku za juma, salamu, nyimbo za utotoni. Mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kushangaza nyumba nzima kwa kusoma Suratul Fatiha hadi mwisho. Kaeni naye mhesabu pamoja, msome pamoja, na mwanawe mmoja aongoze sala akiwa ameketi karibu naye. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini kwetu, kwa hiyo mazungumzo haya ya kila siku yana thamani kubwa.

Mkimwona analia bila sababu, au anacheka pasipo mahali pake, huenda ni ubongo uliojeruhiwa ushindwao kuzuia hisia. Lakini asiyetaka kula, asiyelala na asiyetaka kuona watu kwa wiki mbili mfululizo huenda ana sonona, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi, na ambayo inatibika. Maswali hayo hayo jiulize na wewe, na ukijiona humo, mwambie daktari siku ya kliniki ya mzee.

Kuhusu kuchanjwa chale, ninaelewa kwa nini wazee wanalileta. Kiharusi huja ghafla, humwangusha mtu aliyeamka mzima, na ni rahisi kukiona kama kitu kilichotumwa. Lakini utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai, vijijini mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, kiharusi kilikuwa kikitokea Dar es Salaam karibu mara tatu ya kinavyotokea Hai. Tofauti kama hiyo kati ya mji na kijiji huelekeza kwenye afya na maisha ya watu, si kwenye kutumwa: presha, kisukari, tumbaku na uzito ni mambo yanayojulikana kukisababisha, na yanapimika. Chale kwa mtu anayetumia aspirini huvuja damu kwa muda mrefu, na wembe usio safi huleta pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Dawa za mitishamba nazo huweza kugongana na vidonge vya presha. Wajibuni wazee kwa heshima kwamba mmekubali dua na kisomo, na waombeni wakae na mzee mchana wakati wewe unapumzika. Msaada huo unahitajika sana, na wao wana uwezo wa kuutoa.

Mdomo ukipinda upya, mkono mwingine ukiishiwa nguvu, usingizi ukiwa mzito asiamke, kichwa kikimuuma kwa ukali wa ghafla, au akianza kifafa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo bila kumpa chakula, maji wala aspirini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, ni dharura pia.

Kuhusu Ramadhani, mtu aliyepata kiharusi miezi michache iliyopita, ambaye kumeza kwake hakujathibitishwa kuwa salama na ambaye anatumia vidonge vya kila siku, mimi namshauri asifunge mwaka huu. Kukosa maji mchana kutwa hufanya damu kuwa nzito na huvuruga presha na figo, na mtu asiyeweza kusema hawezi kukwambia kwamba anazunguka kichwa. Qur’ani yenyewe, katika Surat al-Baqara aya ya 184, imemruhusu mgonjwa kufuturu, na imetaja fidia ya kulisha maskini kwa wasioweza. Mwombe imamu wa msikiti wenu aje amweleze yeye mwenyewe, akiwa ameketi, kwa sentensi fupi, kwa sababu mzee wa miaka 67 aliyefunga maisha yake yote hatalipokea hilo kutoka kwa mkwewe. Mwakani, presha ikiwa imetulia na daktari akikubali, mnaweza kuomba dawa za kumeza mara moja kwa siku wakati wa futari au daku, na mlijadili upya.